Ataandika Jina Langu kwa Mkono Wake

Ifakara, Jumamosi, saa tisa alasiri

Mwanangu Editha,

Atakayekagua kitabu chako cha kazi Jumatatu ni Sabasi Ngwira. Amesema hivyo Bi Zuhura wa ofisi ya wafanyakazi ya kampuni yako mpya, leo saa nne asubuhi, kwa simu uliyoiweka sauti ya wazi juu ya gunia la pumba. "Ni mkuu wa ukaguzi mwenyewe," alisema. "Mkali, lakini mtu wa haki." Ukakata simu ukanigeukia: "Baba, ni Ngwira yule?" Nikasema ndiye. Kisha nikarudi kukaza mkanda wa mashine, na wewe na mama yako mkaenda sokoni kutafuta mchele wa kumpelekea shangazi yako.

Saa saba umeme ukakatika. Mashine zote za kukoboa mtaani zimenyamaza, wateja wamelala juu ya magunia yao ya mpunga, nami sina tena kisingizio. Hii ni sehemu ya jibu niliyoibakiza.

Habari za chandarua, nauli na watu wa mjini utazipata kwa mama yako, amekwisha kuanza. Mimi nitaandika nilichokosea, nilichokosewa na ninachokitaka. Nimeyachanganya kwa muda mrefu, na najua wewe ndiye uliyeumia.

Kisa cha Ngwira umekisikia kwangu mara nyingi, na kila mara niliacha pembe moja. Nilikuambia alininyima saini. Sikukuambia kwamba sababu ya kuninyima nilimpa mimi mwenyewe.

Unaijua hangari ya jeshi kwa sababu umetoka humo juzi. Katika ile yetu, ubao wa vyombo ulikuwa umechorwa kivuli chekundu cha kila spana na kila koleo. Kila fundi alikuwa na vibati vitano vya shaba vyenye namba yake. Namba yangu ilikuwa ishirini na saba. Ukichukua chombo, unatundika kibati chako mahali pake. Jioni, kabla ndege haijaruhusiwa, mtu anapita mbele ya ubao. Penye kivuli kitupu pana kibati, na mwenye kibati anaitwa. Chombo kilichosahaulika ndani ya bawa kinaweza kubana waya wa usukani, na rubani akajikuta angani ameshika kitu kisichokwenda.

Ngwira alikuwa sajenti wangu. Siku moja vibati vyake vyote vitano vilikuwa ubaoni. Akaniambia, "Wili, niazime kimoja. Dakika tano." Nikampa.

Wewe unajua nilifanya nini hapo. Kibati hakiazimwi, ndilo jambo la kwanza kuambiwa ukiingia hangari. Na hakuna fundi wa jeshi, wa zamani au wa sasa, ambaye hajawahi kumwazima mkubwa wake, kwa sababu jambo la kwanza kuambiwa ukiingia jeshini, kutii, lilitangulia hilo. Mtu aliyekulia uraiani angesema hapana. Mimi nilipiga mguu chini, nikasema, "Ndiyo, afande."

Jioni kibati ishirini na saba kilikuwa bado kinaning'inia juu ya kivuli cha spana ya kumi na tatu. Nikamfuata Ngwira. Akasema, "Iko mfukoni mwangu, narudi nayo. Weka saini kwamba vyombo vimetimia, rubani anasubiri." Nikaweka. Ndege ikaruka, ikarudi salama. Asubuhi zamu nyingine ikaikuta spana ndani ya bawa la kushoto, upana wa kiganja kutoka kwenye waya.

Mbele ya mkuu wa kikosi Ngwira alisema maneno manane tu, nimeyahesabu: "Kibati ni cha Lihame, saini ni ya Lihame." Hakusema uongo. Mimi nikasema nilimwazima. Mkuu akaniuliza, "Kwa hiyo unakiri kuazima kibati?" Nikapewa siku kumi na nne za kizuizi, na karatasi moja ikaingia kwenye faili langu. Ngwira hakunitazama tulipotoka. Baada ya wiki alinitania mbele ya wenzangu: "Lihame, leo mabawa yako mazima?" Wakacheka. Nami nilicheka.

Nilitumikia miaka kumi baada ya hapo, sikusahau chombo kingine. Lakini jeshini kazi ni ya kikosi. Unafungua injini, unafunga, unaripoti kwa mdomo, kitabu cha ndege kinawekwa saini na kinabaki hukohuko. Siku ya kustaafu nilitoka na cheti kimoja chenye mhuri mkubwa. Nikaenda nacho kwa watu wa leseni za kiraia. Mama mmoja mtu mzima akakisoma mbele na nyuma, akauliza, "Baba, kitabu chako kiko wapi? Kinachoonyesha kila kazi uliyoifanya, lini, na nani alikuona?"

"Nimefanya kazi miaka kumi na tisa."

"Nimeona. Lakini hiki ni cheti cha tabia njema, baba. Tabia haifungi propela."

Hakuwa na dharau. Alinieleza vizuri kuliko mtu yeyote kabla yake. Uraiani, alisema, jina la mtu ndilo linaloiachia ndege iruke, na jina hilo linajengwa ukurasa kwa ukurasa. Akanishauri nimtafute msimamizi wangu wa zamani. Kama sasa ana leseni, anaweza kuthibitisha kwa maandishi kazi alizoniona nikizifanya. Msimamizi huyo alikuwa Ngwira. Alikuwa ametoka jeshini miaka mitatu kabla yangu na alikuwa na leseni, ofisi na shati jeupe la mikono mifupi.

Nilimpigia saluti mlangoni. Mkono ulikwenda wenyewe.

"Afande, wewe ndiye uliyeniona."

"Nimeona mengi, Wili," akasema. "Niliona na spana ndani ya bawa. Niweke jina langu chini ya hiyo?"

"Afande, ile spana tunaijua sote wawili."

"Mimi najua kilichoandikwa." Kisha akamwambia binti wa ofisini aniletee chai. "Kunywa kwanza, safari ya Ifakara ni ndefu."

Nilikunywa. Editha, kizuizi nilikisahau, na saini niliyonyimwa nimeishi bila hiyo. Ile chai bado naionja.

Nilirudi hapa wewe ukiwa darasa la tatu. Nimetengeneza mashine za kukoboa kuanzia Mlimba hadi Lupiro, na kila mashine ina daftari lake, kwa sababu niliapa kwamba sitafanya tena kazi isiyoandikwa. Unakumbuka Mama Kabula, yule Msukuma mwenye mashamba ya mpunga, alivyokuwa akiwatangazia wateja: "Msiwe na haraka, huyu mzee akikaza nati lazima aiandikie barua!" Watu walicheka. Alikuwa anasema kweli. Lakini hakujua barua zile nilikuwa namwandikia nani.

Miaka minne iliyopita, wewe ukiwa kikosini, Ngwira alikuja. Hilo sikukusimulia. Alikuwa anakwenda mazishini upande wa Mahenge, gari likamzimikia kabla ya kufika darajani. Dereva wa bodaboda akamwambia, "Kuna mzee wa ndege pale kwenye mashine, hashindwi kitu." Wakalivuta mpaka mlangoni pangu. Akashuka, tumbo mbele.

"Habari za hapa, fundi?"

"Nzuri, afande."

Kwa neno hilo akanitazama. "Ah! Wili! Kumbe uko hai!"

"Niko. Fungua boneti."

Pampu ya mafuta ilikuwa imeziba. Ningeweza kumwambia hakuna kipuri, akalala hapa akose mazishi. Ningeweza kuilegeza nati moja, ikamwacha porini na giza lake. Nakuambia kwa usahihi: niliyafikiria yote mawili, na la pili nililifikiria nikiwa nimeshika nati yenyewe. Kisha nikaikaza sawasawa. Nilichukua saa mbili. Nikatoa daftari, nikaandika kila nilichofungua na kila nilichofunga, nikaandika chini kwamba kazi imefanywa na Wilibrodi Lihame na imeonwa kwa macho na mwenye gari. Nikampa kalamu.

"Nini hiki?"

"Utaratibu wa hapa. Bila saini gari haliondoki."

Mama Kabula alikuwa amekaa juu ya gunia. Akamwambia, "Weka tu, baba. Hapa hata mimi na uzee wangu naweka. Au hujui kuandika?" Wateja wakaangua kicheko. Ngwira akaweka saini. Akauliza bei, nikamwambia, "Kunywa chai kwanza, safari ya Mahenge ni ndefu." Akaielewa. Hakuinywa.

Karatasi ile nimeihifadhi. Kwa watu wa leseni haina thamani yoyote. Ni pampu ya gari. Nilidhani nitakuwa nimeshiba. Nilishiba kwa wiki moja.

Ndipo nikaweka macho kwenye kitabu chako. Siku ulipopangiwa ufundi wa ndege, miaka mitatu kabla ya hapo, nilikuwa nimekutumia daftari gumu na barua ya mstari mmoja: kila kazi, kila siku, saini ya aliyekuona kabla hajaondoka. Ulipoomba ruhusa, mkuu wako wa zamu akakucheka, "Koplo, hii ni shajara ya mapenzi?" Lakini akaruhusu, mradi usiandike ndege ilikwenda wapi wala ilibeba nini. Miaka saba. Kila likizo ulikuja nacho, nami nilikipitia kama padri anavyopitia daftari la ubatizo. Ulipoamua mwaka huu kuacha jeshi ukaanze ufundi wa ndege za abiria, watu walikushangaa: mshahara wa uhakika, cheo kinakuja, unakwenda kuanza chini kwa watu usiowajua. Mimi sikushangaa, nilikuwa nimekungoja huko.

Na wewe ukaliona. Juzi Alhamisi, tulipokuwa tunahesabu kurasa kwa mara ya tatu, ulifunga kitabu ukasema, "Baba, mimi si spana yako."

Sasa nakujibu, kwa jambo ambalo nilitaka kufa nalo.

Ulikuwa na miaka kumi na minne. Tulifunga mashine Lupiro, tukarudi jioni, na asubuhi yake ulipohesabu vyombo, spana ya kumi na tatu haikuwepo. Ndiyo, namba ileile. Nilikuambia wewe ndiye uliyefunga mfuko. Ukasema ulizihesabu zote. Nikasema kama ulizihesabu, iko wapi? Ukapanda baiskeli ukarudi Lupiro. Daraja la mtoni lilikuwa bado halijajengwa, ulisubiri pantoni kwenye jua. Mama yako alinitazama.

Saa sita mchana nilitia mkono mfuko wa nyuma wa ovaroli nikaikuta. Ilikuwa mfukoni mwangu, Editha. Niliirudisha ubaoni. Ulipofika, jua limezama, vumbi mpaka kwenye nyusi, ukanisalimu, "Shikamoo baba, sijaiona," nikakuambia imeonekana chini ya kreti. Ukasema, "Nisamehe." Nikasema, "Siku nyingine uwe makini."

Nilimjua Ngwira kwa miaka yote ile, na siku nilipopata nafasi ya kuwa Ngwira sikuchelewa hata dakika moja. Wewe hukuwa na mahali pa kwenda kulalamika. Hata kikosi kilikuwa na mkuu.

Sikuombi unisamehe kwa barua. Hayo tutayaongea ukirudi, au hutataka, na utakuwa na haki. Nakuambia ili Jumatatu uingie chumba kile ukijua kwamba unamdai mtu mmoja pale mezani na mwingine huku Ifakara. Na ukitaka kukiacha kisasi changu getini, kiache. Ni changu. Mimi bado nakitaka, siwezi kuandika vinginevyo.

Sasa sikiliza kilichoko hatarini, bila mapambo. Ngwira akiridhika na kitabu, atajaza fomu ya uthibitisho, na miaka yako saba itahesabiwa kuelekea mitihani ya leseni. Asiporidhika, unaanza na vijana waliotoka chuoni mwaka huu, na utakuwa na miaka arobaini kabla hujaachia ndege kwa jina lako mwenyewe. Atakapoona jina Lihame atajua wewe ni nani. Hatakufukuza, watu wa aina yake hawafukuzi. Atatafuta.

Atakuta kurasa zile mbili za mwezi wa masika mwaka wako wa tatu, ile kazi ya magurudumu isiyo na saini. Unakumbuka: sajenti aliyekuona alihamishwa usiku wa siku hiyohiyo, na mwenzake akasema, "Lete nikuwekee mimi, kuna tatizo gani?" Ulinipigia simu kuniuliza. Nilikwambia uache wazi. Ulilia, kwa sababu ilikuwa kazi nzuri kuliko zote ulizokuwa umefanya.

Ataweka kidole pale. Namjua. Atakuwa mpole, atakuita mwanangu, atasema, "Hapa si tabu, tafuta mtu akuwekee saini, au weka mwenyewe, mimi nitafumba macho." Itakuwa ni kibati, Editha. Atakuwa anakuomba kibati chako kwa dakika tano. Ukimpa, amekushika kama alivyonishika mimi, na maisha yako yote katika kampuni ile utanyamaza kila atakapokutaka unyamaze.

Mwambie, "Aliyeiona hayupo, afande. Kazi hiyo msiihesabu." Basi. Usiongeze. Usimtaje baba yako, usiseme spana, usimwoneshe kwamba unajua lolote. Nilifikiria kukupa ile karatasi ya pampu ukaiweke mezani, na kibati changu ishirini na saba juu yake; siku ya kustaafu niliondoka nacho mfukoni, ni wizi wangu pekee wa mali ya jeshi. Asubuhi nilikwisha kuvitia kwenye bahasha. Nimevitoa. Ukivionesha atakuwa na sababu: binti amekuja na ugomvi wa babaye. Usimpe sababu. Kurasa mia tatu tisini na nane zisizokuwa na doa, na mbili wazi zilizosema kweli: hicho ndicho kitu ambacho hakuwahi kukutana nacho kwa Lihame wa kwanza, na hana namna ya kukitania.

Kwa hiyo hatakuwa na la kufanya ila kuchukua kalamu. Fomu inataka majina matatu, nimeisoma. Atalazimika kuandika kwa mkono wake: Editha Wilibrodi Lihame. Kisha ataandika kwamba ameridhika. Kisha saini yake chini. Nimelingoja hilo tangu siku niliyokunywa chai ile, na sitajifanya kwamba ni kwa ajili yako peke yako.

Umeme umerudi. Mama Kabula ananiita, anauliza kama mpunga wake nao unangoja barua. Barua hii nitaiweka ndani ya kitabu chako, kwenye kurasa zile mbili, uikute ukiwa safarini. Mbele yangu usingeimaliza, nami nisingevumilia kukuangalia ukisoma habari ya Lupiro. Itoe kabla hujaingia.

Basi linaondoka kesho saa kumi na mbili asubuhi. Mzigo wa mchele upakiwe ubavuni mwa basi, si juu ya paa. Usaili ni Jumatatu saa mbili na nusu. Mimi siku hiyo nitakuwa Lupiro, nina mkanda wa kufunga, na saa nne simu itakuwa mkononi. Usianze kwa kuniambia kama umepita. Niambie kwanza kama jina Wilibrodi ameliandika lote, au ameweka W na nukta. Kama ni nukta, mrudishie fomu aliandike upya, na umngojee palepale.

Baba yako,
Wilibrodi